Meza ya Bi Chaki: Kishikwambi kimelala kabatini, nani akiamshe?

Nilipostaafu nilijiandaa kuulizwa habari za mafao na kuku wa mayai. Kumbe wapi. Barua na jumbe zilizofika mezani mwezi huu, zaidi ya nusu zinahusu vishikwambi, projekta na semina. Zinazofanana nimezijibu kwa pamoja. Ambao barua zao zimefupishwa wanisamehe, kwa maana mhariri alinipa kurasa nne na moja ameshaiuza kwa tangazo la mbolea.

*

Shikamoo Bi Chaki. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi huku Mbinga. Tuko walimu 14. Tulipata vishikwambi vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, na 11 bado vinafanya kazi. Wazazi wametuchangia projekta moja. Mwalimu mkuu alinikabidhi TEHAMA ya shule nzima kwa sababu eti mimi ndiye kijana. Nikaandaa mafunzo ya siku mbili: kuwasha, kupakua, kutengeneza slaidi, kutuma faili. Wote waliitikia, tukala pilau, tukapiga picha ya pamoja. Mwezi umepita na hakuna hata mmoja aliyeingia nacho darasani. Kimoja nimekikuta nyumbani kwa mwenzangu, watoto wanaangalia katuni. Nimekosea wapi?
Mwalimu wa Taaluma, Mbinga

Marahaba mwanangu. Pilau haina kosa.

Ulifundisha kishikwambi, na hakuna mwalimu anayeamka asubuhi akiwa na shida ya kishikwambi. Anaamka na shida ya mkondo B, wiki ya tatu sasa hawaelewi kugawanya kwa desimali, na madaftari 90 yanamsubiri. Wewe ukamwongezea kitu cha kumi na tano cha kukumbuka.

Usijilaumu sana, kwa sababu ulifundisha kama ulivyofundishwa. Mimi nimekaa kwenye semina za namna hiyo, tena zenye posho. Moja siisahau. Tulikuwa walimu zaidi ya 60 katika ukumbi wenye kompyuta tatu. Mwezeshaji akatuonyesha ukutani jinsi ya kuwasha kompyuta, kisha jinsi ya kuizima, na kati ya kuwasha na kuzima kulikuwa na chai. Nilirudi na fulana, begi la kitambaa na cheti. Kompyuta ya shule yetu ilikuwa ofisini, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya marehemu baba. Ikaendelea kufunikwa.

Hiyo redio ya baba nayo ina habari yake. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka tisa, kijijini kwetu Kilosa, ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya. Serikali ilirusha vipindi redioni kuhusu malaria, kuhara na vyoo, lakini haikumwacha mtu asikilize peke yake kitandani. Watu walikaa vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Baba alikuwa kiongozi wa chetu. Kipindi kikiisha anaizima redio, anasoma kijitabu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma, halafu mabishano yanaanza: nani ana choo, nani anasema anacho, nani ameazima cha shemeji yake. Wiki inayofuata mnakutana palepale. Nchi nzima walishiriki watu wazima wapatao milioni 2. Redio ilisema dakika chache tu. Mashimo yalichimbwa na ile aibu ya kurudi wiki ijayo mikono mitupu.

Mafunzo yako hayakuwa na wiki ijayo.

Kwa hiyo usiitishe mafunzo mengine. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imeshaweka nafasi ya walimu kukutana na kujifunza shuleni kwao, kwa hiyo huombi kibali cha jambo jipya. Nenda kwenye kikao hicho, vishikwambi viache kabatini, uulize swali moja: somo gani linatushinda muhula huu? Watakwambia. Walimu hatujawahi kukosa la kulalamikia.

Nikupe mfano wetu. Darasa la sita, jumla ya pembe za pembetatu. Kila mwaka watoto wanakariri nyuzi 180 na kila mwaka kwenye mtihani wanaandika 360. Tukakaa watatu, Alhamisi saa tisa na nusu: mimi, mwenzangu wa mkondo B, na kijana wa sayansi aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Kishikwambi kimoja katikati. Kijana akatuonyesha GeoGebra, programu ya bure ya hisabati ambayo ukishaipakua haikudai tena bando. Unachora pembetatu, unashika ncha moja kwa kidole, unaivuta. Pembe zote zinabadilika huku unaziona, na jumla inabaki 180. Niliivuta ile ncha mpaka chai yangu ikapoa. Miaka thelathini nimechora pembetatu ubaoni na sijawahi kuiona ikitembea.

Tukaandika andalio moja la somo, watu watatu, kalamu moja. Jumatatu nikafundisha mimi, mkondo A, watoto 84. Tulitundika shuka jeupe ukutani na kuziba madirisha kwa khanga ili projekta ionekane. Ndani ya dakika kumi darasa likawa tanuri. Picha iliishia safu ya tatu. Mwenzangu alikaa nyuma, tumekubaliana kazi yake ni kuwaangalia watoto na asiniangalie mimi, na daftarini akaandika: “Safu ya tano wanasoma maneno ya khanga.” Akaandika pia kwamba mtoto mmoja alimwuliza jirani yake kama ile 180 ni spidi ya gari.

Mchana tukakaa dakika ishirini tukasoma lile daftari. Hakuna aliyesema nimefundisha vibaya, maana andalio lilikuwa letu sote. Wiki iliyofuata, mkondo B, projekta tuliiacha ofisini. Kila mtoto alikata pembetatu ya karatasi, ya umbo analotaka yeye, akachana pembe zote tatu, akazipanga zikigusana kwenye mstari ulionyooka. Zikajaza mstari. Ya huyu nyembamba, ya yule imelala, zote zinajaza mstari. Hapo ndipo vishikwambi vinne vikaingia vikundini, na kazi ikawa moja: vuta ncha mpaka uipate pembetatu inayokataa. Walivuta kipindi kizima. Kelele mwalimu mkuu alizisikia ofisini akaja na fimbo, akaishia kuvuta ncha na yeye.

Mkasi, karatasi, kidole. Mwezeshaji wa ukumbini asingetuambia hivyo hata angekaa siku tano, kwa sababu hajui safu ya tano ya darasa letu inaangalia wapi. Baadaye nikaja kusoma kwamba Wajapani wana mazoea haya tangu karne ya 19: walimu huandaa somo pamoja, mmoja hulifundisha, wengine huangalia, kisha hukaa kulichambua na kulirudia. Kenya nao, mradi wa SMASSE wa walimu wa hisabati na sayansi, ulioanza 1998, ulikuja na mzunguko wa kupanga, kufanya, kuangalia na kuboresha. Sisi hatukujua kama kitu hicho kina jina. Tulikuwa tumechoka tu na 360.

Anza na walimu watatu, wengine waache kwanza. Wachanganye, mkongwe na kijana, na anayejifunza ndiye ashike kishikwambi. Wewe mikono yako iweke mgongoni. Ukimpokonya “nikuonyeshe haraka” umeshamaliza mafunzo. Somo moja, wiki mbili, tarehe ya kukutana tena iandikwe ubaoni ofisini kabla hamjaachana. Wale kumi na mmoja waliobaki watakuja wenyewe wakisikia kelele.

Na yule wa katuni usimfokee. Mtu anayejua kutafuta katuni ameshajua kuwasha, kutafuta na kuongeza sauti, yaani nusu ya semina yako. Mwambie akutafutie video ya jinsi moyo unavyosukuma damu, aje nayo Alhamisi.

*

Shikamoo Mama. Nina miaka 24, ni mwalimu wa kujitolea huku Bukoba. Nimeombwa niwasaidie wenzangu kutumia vishikwambi. Kuna mwalimu mmoja umri wa mama yangu, kila nikimwonyesha anasema, “Wewe fanya tu, mimi naangalia.” Juzi nimemsikia akiwaambia wengine watoto wa siku hizi wajuaji. Naogopa kuonekana sina adabu. Nifanyeje?
Kijana wa Kujitolea, Bukoba

Marahaba baba. Huyo mama ni mimi.

Mara ya kwanza nilipopewa kishikwambi nilikigusa, kikakataa. Nikagusa tena, kikakataa. Kijana aliyekuwa pembeni akigusa kinafunguka kama mlango wa duka. Nikakirudisha mezani nikasema maneno yale yale, “wewe fanya tu,” nikaenda zangu kusahihisha madaftari. Nilishaamua moyoni kwamba vitu hivi vinajua umri wa mtu.

Ilipita wiki mbili. Siku moja kijana wa sayansi akanikuta natoka kipindi, mikono meupe. Hakusema kitu kuhusu kishikwambi. Aliniletea maji kwenye kopo, nikanawa kama kawaida, nikajifuta, kisha akanisogezea kile kioo. Kikaitika. Vioo vile huhisi kidole kwa sababu ngozi hupitisha umeme, na kidole kikavu chenye sugu na vumbi la chaki hakisikiki vizuri. Wiki mbili nilijiona mjinga, kumbe ni chaki. Hakuna kitabu cha mafunzo nilichowahi kuona kinachoanza na “mwalimu, nawa mikono.”

Kwa hiyo mchunguze huyo mama kwanza. Huenda haoni maandishi, na kuongeza ukubwa wa herufi ni kazi ya nusu dakika. Huenda anaogopa kufuta kitu cha serikali, basi futa mbele yake kitu kisichokuwa na maana, umwonyeshe kinavyorudi. Mfundishe pasipo na watu, kabisa pasiwe na wanafunzi. Mwalimu aliyezoea kujua kila kitu mbele ya watoto hawezi kubahatisha mbele yao.

Halafu neno “rahisi” lifute mdomoni mwako. “Ni rahisi tu, Mama.” Ukimwambia mtu ni rahisi na yeye hajaweza, umemwita nini? Mwambie, “Mimi hapa ilinichukua siku tatu.” Hata kama ilikuchukua dakika tatu. Uongo huo nitakuombea msamaha mimi mwenyewe.

Na usiende kwake ukiwa umejaa mikono ya kutoa tu. Wewe unajitolea, bila shaka umepewa darasa la kwanza lenye watoto mia, na sauti inakukauka ifikapo saa nne. Yeye analituliza darasa hilo kwa kunyanyua nyusi. Nenda kamwombe akae nyuma ya darasa lako siku moja akwambie unapolipoteza. Akishakufundisha, na wewe utapata nafasi ya kumfundisha bila mtu kuita ujuaji. Kuamkia sitakufundisha, watu wa Kagera mnatushinda sote.

*

Bi Chaki, salaam. Mimi ni mwalimu mkuu, Mpwapwa. Wewe unawahamasisha walimu, lakini gharama ni zangu. Vishikwambi tisa vikichajiwa LUKU inakimbia, na kila mwalimu anataka bando. Shule haina fungu hilo. Hayo matumizi ya kidijitali nitayalipa na nini?
Mwalimu Mkuu, Mpwapwa

Salaam Mwalimu. Tupige hesabu, maana hapa lawama imemwangukia asiyehusika. Betri ya kishikwambi cha kawaida hubeba wati-saa 25 hivi. Tisa ni 225. Ongeza zinazopotea kwenye chaja, useme 300. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Maana yake vyote tisa, kutoka sifuri hadi kujaa, havifiki theluthi ya uniti. Pasi ya wati 1,000 inakula kiasi hicho kwa dakika kumi na nane. Ukikuta uniti zinakimbia, chungulia kwanza jagi la kuchemshia chai na nani ananyooshea shati ofisini. Sitaji mtu.

Ila usivichomeke vyote kwenye soketi ya kurefusha ya bei ya chini iliyoanza kunuka. Wekeni zamu, vitatu vitatu.

Bando ndiyo hoja yako ya kweli, na hapo walimu wakikaa pamoja gharama inashuka. Hakuna sababu ya walimu tisa kupakua kitu kimoja mara tisa. Kwenye kikao chao waandike orodha moja ya wanachohitaji kwa mwezi, kama orodha ya sokoni: kitabu hiki cha kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, video ile ya mmeng'enyo wa chakula, kipindi fulani cha Ubongo Kids (hao wapo tangu 2014, wanafundisha hesabu kwa Kiswahili, na watoto wanawajua). Mmoja anayekwenda mjini anapakua mara moja, anarudi na memori kadi, wenzake wanagawiana kwa Bluetooth au kwa waya.

Mkiwa na kompyuta mpakato moja nzima, kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality la Marekani, imetengenezwa mahsusi kwa sehemu zisizo na intaneti. Masomo unayajaza kwenye kompyuta ukiwa mjini. Ukirudi shuleni, vishikwambi vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani, vinasoma kutoka humo, bando sifuri. Kuiweka mara ya kwanza kunasumbua, nisikudanganye. Shirikianeni na shule jirani, mmuite fundi mmoja siku moja kwa shule zote mbili, na walimu wawili wa kila shule wakae naye bega kwa bega mpaka waweze kuirudia bila yeye. Mkimwacha afanye peke yake mtamwita kila muhula.

*

Habari za kazi Bi Chaki. Nafundisha fizikia sekondari, Kasulu. Maabara yetu haina vifaa vya kutosha. Unasema walimu washirikiane, lakini hapa shuleni mwalimu wa fizikia ni mimi peke yangu. Nishirikiane na kivuli changu?
Mpweke wa Fizikia, Kasulu

Nimecheka, kisha nimekuonea huruma. Upweke wa somo ni mbaya kuliko ukosefu wa kompyuta.

Mimi ni mwalimu wa msingi, fizikia yako naiona kwa mbali, kwa hiyo nilimpigia kijana wangu wa sayansi, sasa yuko sekondari. Alinitajia PhET, mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza ya Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Aliuanzisha mwaka 2002 Carl Wieman, aliyekuwa amepata Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Ni bure, mengi unaweza kuyapakua ukayatumia bila mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kuna moja la kujenga sakiti: unaunganisha betri, waya na glopu kwenye kioo, na chembe za umeme unaziona zikitembea.

Akanieleza kwa nini analipenda. Wanafunzi wake, hata wa kidato cha tatu, wanaamini glopu inakula umeme: unaingia mwingi upande huu, unatoka kidogo upande ule. Wanaweza kukokotoa kanuni ya Ohm vizuri kabisa huku wanaamini hivyo. Kwenye kioo wanahesabu chembe kabla ya glopu na baada ya glopu, idadi ni ileile. Wanaweka ameta pande zote mbili, inasoma sawa. Kinachoachwa kwenye glopu ni nishati. Alisema darasa hunyamaza hapo. Lakini yeye huanza na betri mbili za tochi, waya na glopu ya kweli, kwa sababu bila hivyo wapo watakaodhani hiyo ni tabia ya kompyuta.

Sasa upweke wako. Kata za jirani zina wapweke kama wewe, tena wawili watatu. Tafutaneni. Mkutane Jumamosi moja kwa mwezi, Kituo cha Walimu kama kipo karibu, la sivyo siku ya mnada, maana mnada wote mnakwenda. Somo moja kwa mwezi, kila mtu alifundishe shuleni kwake, mkikutana kila mmoja aje na kitu kimoja tu: kosa moja la ajabu alilolikuta kwenye daftari la mwanafunzi. Makosa yatawafunza zaidi ya slaidi.

Na hapo shuleni, wa kukaa nyuma ya darasa lako si lazima ajue fizikia. Mwalimu wa Kiswahili anafaa sana. Atakwambia ni wapi na yeye alipotea, na hapo alipopotea yeye ujue nusu ya darasa walipotea zamani.

*

Salaam aleikum Bi Chaki. Nakuandikia kutoka Kilifi. Sisi Kenya tableti za wanafunzi wa darasa la kwanza zilianza kugawiwa 2016. Zetu ziko kwenye chumba chenye mlango wa chuma na kufuli mbili, ufunguo uko kwa naibu wa mwalimu mkuu. Zinapanguswa vumbi wageni wakija. Mwatufaa vipi?
Mwalimu wa Gredi ya Pili, Kilifi

Waaleikum salaam. Hilo kufuli nalijua, huku pia lipo, tofauti ni rangi.

Mmeishika mali kama walivyoishika wengi. Peru waligawa kompyuta za watoto kwa mamia ya maelfu, na watafiti walipolinganisha shule 319 za msingi za vijijini, ripoti yao ya 2012 haikuona tofauti ya alama za hisabati wala za lugha. Vifaa vilifika. Jinsi ya kuvitia ndani ya somo, mwalimu aliachiwa ajitafutie.

Naibu wenu si mtu mbaya, ni mwoga, na ana haki ya kuwa mwoga: ikivunjika moja, atakatwa nani? Ongeeni hilo kwanza, kwenye kikao, mbele ya wawakilishi wa wazazi, muandike. Kilichovunjika darasani kwenye kipindi kilichopangwa kisiwe deni la mwalimu. Kilichovunjika kikiwa kimebebwa nyumbani, hilo ni jambo lingine. Wekeni daftari la kuazima. Kisha mwombe naibu mwenyewe awe mmoja wa wale watatu wa kwanza kuandaa somo. Mwenye ufunguo akiwa na kipindi chake Jumanne, mlango Jumanne utafunguliwa.

*

Bi Chaki, toleo lililopita uliandika kwamba kundi la WhatsApp linatosha walimu kubadilishana maandalio ya masomo. Ofisini kwetu wawili wana kitochi. Tangu tuanze kundi, hao hawajui lolote, na mmoja ameacha kuja vikao. Fikiria kabla ya kuandika.
Msomaji, Lushoto

Umenikamata. Niliandika nikiwa na simu janja mkononi, nikasahau kwamba nilimiliki kitochi mpaka miaka michache iliyopita, tena kwa fahari, chaji siku tano. Kilichoamuliwa kundini kiandikwe kwa mkono kwenye karatasi ya manila, kibandikwe ofisini karibu na ratiba. Na huyo aliyeacha kuja, asitumiwe ujumbe. Aendewe nyumbani na mtu anayemheshimu, na asiulizwe kwa nini haji. Aombwe aje na lile andalio lake la desimali, maana nina hakika analo.

*

Mwalimu wa Nachingwea aliyeuliza namna ya kuzuia popo wasichafue projekta iliyofungwa darini: nimeuliza mafundi watatu, wote wamecheka. Kwa sasa ifunike na kitambaa kizito kila jioni. Msomaji anayejua dawa aandike.